Ziwa Likifungwa, Mto Nao Ufungwe

Kila Aprili inapofika katikati, bei ya omena hupanda kwenye vibanda vya mtaa wetu wa Huruma, Eldoret. Gorogoro iliyokuwa ikijazwa hadi ikafanya kichuguu sasa husawazishwa kwa kiganja. Ukimuuliza mama muuzaji kulikoni, atakujibu kwa maneno mawili tu: ziwa limefungwa. Mnunuzi huguna, akaomba aongezwe kidogo, akaenda zake. Kwake, kufungwa kwa ziwa ni habari za watu wa Budalang'i, Usenge na Mbita. Sisi wa Eldoret tuko mlimani, tuna mahindi na maziwa, na ufuo tunaoujua ni ule wa Mombasa wakati wa Desemba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na jirani zangu. Huruma ina ufuo wake, nao hauko Mombasa. Fuata Mto Sosiani uone. Unaanzia misitu ya upande wa Kaptagat, ukingoni mwa bonde la Keiyo, unakatiza katikati ya jiji, unabeba chochote utakachopewa na mitaro ya mitaa yetu, kisha unaelekea magharibi kujiunga na Kipkaren. Kipkaren nao humwagia Nzoia, na Nzoia, baada ya kupita Webuye na nchi ya miwa ya Mumias, huingia Ziwa Victoria karibu na Port Victoria, huko Budalang'i. Mfuko wa nailoni ukidondoka mtaroni Huruma leo, Bahari Hindi haitauona kamwe. Utafika ziwani, mahali palepale ambapo omena wa gorogoro yako huzaana.

Sheria ya kufunga ziwa ni rahisi kuieleza. Kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 kila mwaka, upande wa Kenya haukubali mtu kuvua omena. Miezi hiyo ilichaguliwa ili samaki hawa wapate nafasi ya kuzaana, na wachanga wao wakue kwenye maji ya karibu na ufuo kabla nyavu zenye matundu madogo hazijawafikia. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazoelea juu ya maji. Samaki hufuata mwanga, wavu ukafunga mduara. Kwa miezi minne taa hizo hutakiwa kuzimwa. Anayekamatwa hunyang'anywa nyavu, na wakati mwingine huziona zikiteketezwa hadharani. Kinamama wanaonunua omena ufuoni na kuianika juani hukaa bila kazi, au huanza kuwinda mzigo wa kutoka Uganda. Ni sadaka kubwa kwa mtu asiye na mshahara. Wapo wanaokiuka, sitaki kudanganya, lakini wapo wengi zaidi wanaotii huku watoto wakirudishwa nyumbani kwa karo, kwa sababu wameona kwa macho yao nini hutokea ziwa lisipopumzika.

Miezi hiyohiyo minne ndiyo ya pilikapilika kwa viumbe wengine wa ufuo ule, na wengi wao hawana kalenda ya serikali bali wanasubiri maji ya kutoka kwetu. Chukua ningu. Huyu ni samaki anayeishi ziwani lakini hazaliani humo. Mvua za masika zikianza na mito ikafurika, ningu hupanda mto dhidi ya mkondo, wakatafuta nyasi zilizofunikwa na maji kandokando ya kingo, wakataga, kisha wakarudi. Wazee wa kando ya Nzoia waliwavua kwa migono iliyosukwa kwa fito, wakati wa kupanda na wa kushuka, na mto ukawarudishia kila mwaka. Nyavu za makila, zilizoletwa ziwani mwaka 1905, ndizo zilizobadilisha mambo. Ziliwekwa midomoni mwa mito hasa msimu wa kupanda, zikawanasa majike wakiwa na mayai tumboni. Kufikia katikati ya karne iliyopita, uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka. Bado wapo wachache Nzoia. Hao wachache husubiri mafuriko ya Aprili na Mei, na sehemu ya mafuriko hayo huanzia kwenye mabati ya nyumba zetu.

Kusini mwa mdomo wa Nzoia kuna Kinamasi cha Yala, ambacho ni kikubwa kuliko vinamasi vyote vya maji baridi nchini Kenya. Ndani ya mafunjo yake huishi nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizotawanyika ili asizame kwenye tope, mnyama ambaye upande wa huku juu tunaye katika hifadhi ndogo ya Saiwa, Trans Nzoia, iliyotangazwa mwaka 1974, nayo iko katika bonde hilohilo la Nzoia. Yupo pia kipwe wa mafunjo, ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye ukikata mafunjo humkuti tena, kwa kuwa hajui kuishi kwingine. Na katika Ziwa Kanyaboli, lililo ndani ya kinamasi hicho, kumebaki ngege, samaki wa asili ambaye katika ziwa kubwa alitoweka baada ya mbuta kuletwa na nyavu kuongezeka. Mafunjo yalimficha. Mwaka 2003 kampuni ya Kimarekani, Dominion Farms, ilifika Yala kulima mpunga, ikajenga kingo na kukausha sehemu ya kinamasi, ikagombana na wenyeji kwa miaka, na kabla ya 2020 ilikuwa imeshafunga virago. Kinamasi kilichobaki kinaendelea kufanya kazi ambayo hakuna aliyekiajiri kuifanya: kuchuja matope na mbolea kabla havijafika ziwani.

Mbolea ya nani? Hilo ndilo swali ambalo watu wa Uasin Gishu hatulipendi. Machi na Aprili ndiyo miezi yetu ya kupanda mahindi. Malori hushusha magunia ya DAP, foleni za mbolea ya ruzuku huzunguka maghala ya bodi ya nafaka, trekta hulima hadi ukingoni mwa mto kwa sababu kila hatua ya ardhi ni debe la mahindi. Kisha mvua hunyesha juu ya udongo ulio uchi. Kabla mahindi hayajashika mizizi, safu ya juu ya shamba imeshaanza safari pamoja na fosforasi yake. Ndiyo maana Nzoia ya Mei ina rangi ya chai ya maziwa. Ziwani, fosforasi hiyo humlisha gugumaji, mmea wa Amerika Kusini ulioingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambao mpaka leo hufunga ghuba nzima zisipitike kwa mashua. Chini ya zulia la gugumaji oksijeni hupungua, na sehemu za kando ya ufuo ambako samaki wachanga walipaswa kukulia hugeuka kuwa maji yaliyokufa.

Ongeza sasa mchango wa mjini. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 475,716 katika Eldoret, na tangu Agosti 15, 2024 tunaitwa jiji. Cheo kimekuja haraka kuliko mabomba ya maji taka. Kila anayeishi mtaa wa nyumba za kupanga anajua kinachotokea usiku wa mvua kubwa: kuna mwenye ploti anayefungua shimo la choo lililojaa liende na mafuriko, maana lori la kunyonya choo ni pesa na mvua ni bure. Taka zilizorundikana kwenye mitaro tangu Januari hupata usafiri wa dharura. Plastiki, nguo kuukuu, vichwa vya kuku, nepi. Asubuhi mtaa unaonekana msafi kidogo, na watu husema mvua imefanya kazi nzuri.

Kwa hiyo tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Mvuvi wa Budalang'i anaambiwa azime taa yake kuanzia Aprili hadi Julai ili viumbe vya ufuo vipumzike. Wakati uleule, sisi wa juu hatuambiwi tufunge chochote, na ndiyo miezi ambayo tunamshushia uchafu mwingi kuliko miezi mingine yote. Yeye anafunga, sisi tunafungua. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Na Nzoia ikipasua kingo zake kule Budalang'i, kama ilivyofanya mara kwa mara, tunawaona kwenye runinga wakibeba magodoro kichwani, tunasikitika, tunachanga unga na blanketi, bila kuuliza udongo uliojaza kitanda cha mto hadi maji yakakosa nafasi ulitoka shamba la nani.

Hoja yangu ni kwamba msimu wa kufunga ziwa uwe msimu wa kufunga mto pia. Sina maana ya kuzuia maji. Nina maana kwamba tarehe zilezile, Aprili 1 hadi Julai 31, ziwe na masharti kwa miji na mashamba ya juu, kama zilivyo na masharti kwa mitumbwi ya chini. Mitaro izolewe kabla ya Machi kwisha, si Juni baada ya malalamiko. Yeyote anayemwaga choo mtaroni katika miezi hiyo atazamwe kama anavyotazamwa anayevua omena kwa wizi. Ukanda wa ukingo wa mto, ambao kanuni za maji zinautaja kuwa mita 6 hadi 30, uachwe na nyasi zake wakati huo angalau. Nyasi hizohizo ndizo ningu huzitafuta mto unapofurika, nazo ndizo zinazoshika udongo wa mwenye shamba usimtoroke. Huyo mkulima, akihesabu vizuri, atagundua kwamba mbolea aliyoinunua kwa Sh2,500 gunia baada ya kupiga foleni kutwa anaigawa bure kwa gugumaji.

Kuna watakaosema hii ni ndoto ya mtu asiyelipa kodi ya nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja Huruma hakuchagua kukaa kando ya mtaro usiozolewa, na wala si yeye aliyeamua jaa la jiji liwe wapi. Viwanda na mitambo ya maji taka vina uwezo wa kuchafua mto kwa saa moja zaidi ya mtaa mzima kwa mwezi. Nakubali yote mawili. Lakini mvuvi wa omena naye hakuleta mbuta ziwani, hakuleta gugumaji, na upande wa Kenya una asilimia 6 tu ya ziwa zima. Angeweza kusema Waganda na Watanzania waanze kwanza. Alipewa zamu yake ya kubeba mzigo, akaubeba. Umaskini haujawahi kuwa sababu ya kumwondolea yeye masharti, basi usiwe sababu ya kutuondolea sisi, na zaidi usiwe ngao ya wenye viwanda.

Kufunga bila kuangalia ni bure, na hapa ndipo ninapowaonea wivu watu wa Watamu, kule pwani. Sisi tunaijua bahari ya Desemba, yenye watu na muziki. Bahari ya Aprili hadi Julai, ya masika na mwanzo wa kusi, hoteli zikiwa nusu tupu na mwani ukijaa mchangani, hatuijui, na huo ndio msimu ambao kasa wengi zaidi hupanda ufuo wa Kenya usiku kutaga. Jike huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, huacha mayai mia moja na zaidi, hufukia, hurudi majini. Baada ya takriban siku 60 vifaranga hutoka. Joto la mchanga ndilo huamua watakuwa majike au madume. Kazi ya kulinda viota hivyo haifanywi na watalii, maana hawapo. Hufanywa na vijana na wazee wa hapohapo, wanaotembea ufuoni usiku wa mvua. Shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997 likiitwa Watamu Turtle Watch, lilikwenda mbali zaidi: mvuvi akimnasa kasa kwa bahati mbaya, badala ya kumchinja hupiga simu. Watu wa shirika huja, humpima kasa, humtia alama, humrudisha baharini, na mvuvi hupewa kifuta jasho. Mtu aliyekuwa tishio kwa kasa akawa ndiye anayejua walipo.

Huo ndio mtindo ninaoutaka Sosiani, na hauhitaji kasa. Ufukweni mwa ziwa tayari kuna kamati za usimamizi wa fukwe, zenye orodha ya mitumbwi na mamlaka ya kumkemea mvuvi. Mitoni, sheria ya maji ya 2002 iliruhusu vyama vya watumiaji maji, na ile ya 2016 ikaviacha viendelee. Kwa nini chama cha aina hiyo Huruma kisiwe na vijana kumi wenye simu na buti, ambao kazi yao Aprili hadi Julai ni kutembea ukingoni na kuandika wanachokiona? Wanaofua na kuchota mchanga wapo mtoni kila siku. Wao huona maji yakibadilika rangi saa nane za usiku kabla ya ofisi yoyote kujua.

Na kuna cha kuona. Pindua jiwe mtoni. Ukikuta vijidudu bapa vyenye mikia mitatu, viluwiluwi wa nzi wale wanaoishi siku moja wakishaota mabawa, basi maji hayo bado yana pumzi. Ukikuta vifunza vyekundu tupu vimejaa topeni, mto umebanwa koo. Watafiti wa vyuo vya Eldoret wametumia wadudu wa aina hii kupima afya ya mito ya bonde la Nzoia kwa miaka mingi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufundishwa kufanya hivyo kwa asubuhi moja, kwa beseni jeupe na kichujio cha chai. Chuo Kikuu cha Eldoret kina wanafunzi wa uvuvi na wa mazingira, na Huruma ina shule zilizojaa watoto. Umbali kati yao ni nauli ya matatu.

Ndege nao wanahitaji macho ya Aprili. Sensa ya ndege wa majini inayoendeshwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na Nature Kenya hufanyika Januari na Julai. Januari inaeleweka, maana ndipo wageni wa kaskazini wamejaa na dunia nzima inahesabu. Lakini Aprili ndio mwezi wa kuagana. Mbayuwayu waliojipanga kwenye nyaya za umeme za Huruma tangu Oktoba huondoka. Kitwitwi anayetingisha mkia kwenye mawe ya Sosiani huondoka. Ziwani, shakwe wenye mgongo mweusi hurudi kuzaliana pande za Bahari ya Baltiki na Urusi ya kaskazini. Mida Creek, karibu na Watamu, vitwitwi na sululu waliokuwa wakila kwenye matope hujinenepesha kwa haraka kabla ya safari, na yule ndege mweupe mla kaa mwenye mdomo mnene huelekea fukwe za Uarabuni na Ghuba, anakochimba shimo mchangani na kutaga yai moja. Ndege aliyeondoka akiwa mwembamba huenda asifike. Kwa hiyo kujua nani alionekana lini, na wangapi, katika wiki zile za mwisho, kunasema jambo ambalo hesabu ya Januari haiwezi kulisema. Mradi wa Kenya Bird Map hupokea orodha ya yeyote, kutoka popote, bila cheti. Sehemu kubwa ya waliozoea kutuma ni watu wenye darubini na magari. Ningependa kuona ramani ya Eldoret ikijazwa na mhudumu wa bodaboda anayesubiri abiria darajani. Yeye ana muda mwingi zaidi wa kutazama mto kuliko profesa yeyote.

Tatizo kubwa la mpango huu si fedha, ni mpaka. Sosiani iko Uasin Gishu, Nzoia hupita kaunti kadhaa, na Budalang'i iko Busia. Gavana wa juu hapigiwi kura na mvuvi wa chini. Ugatuzi ulitupa mengi mazuri, lakini uliukata mto vipandevipande kama muwa, na kila kaunti ikafurahia kipande chake na kumwachia wa chini makapi. Serikali ya taifa ndiyo inayotangaza kufungwa kwa ziwa, basi ndiyo pekee inayoweza kutangaza masharti ya mto kwa tangazo hilohilo. Wizara ya uvuvi na ile ya maji zikae meza moja kabla ya Aprili, zitoe karatasi moja yenye pande mbili: huu wa mitumbwi, huu wa miji.

Lakini kusubiri Nairobi si lazima. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni mwisho wa Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Mikutano hiyo huwa na wazee wachache, chupa za maji, na mjadala mrefu kuhusu barabara na basari. Safari hii watu wa Huruma wafike wakiwa na maswali yao. Ni malori mangapi yatakayozoa mitaro yetu kati ya Januari na Machi, na fedha zake ziko ukurasa gani? Lori la kunyonya choo la kaunti, kama lipo, hutoza shilingi ngapi, na kwa nini lisiwe nusu bei kabla ya mvua? Nani hupima maji ya Sosiani juu ya jiji na chini ya jiji mwezi wa Mei, na majibu hubandikwa wapi? Na mama muuza omena apewe nafasi ya kwanza kuzungumza, kwa sababu katika ukumbi ule huenda akawa mtu pekee ambaye kufungwa kwa ziwa kumeshamgusa mfukoni.